Samli yangu ina namba witiri: je, imechakachuliwa?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni muuza samli, nakaa Shella hapa Malindi. Samli naletewa kutoka upande wa Garsen na wafugaji wa Kiorma ambao nimefanya nao biashara tangu marehemu mume wangu yu hai. Mwezi uliopita mteja mpya mwenye hoteli alitaka madebe manne, lakini kwanza akapeleka kikombe kimoja maabara. Karatasi iliporudi akakataa mzigo wote. Imeandikwa C4:0 ni asilimia 3.2, C12:0 ni 2.9, C15:0 ni 1.1, C17:0 ni 0.6, kisha "iso" na "anteiso" jumla 2, na "trans" 2.4. Mpwa wangu anayesoma kemia kidato cha nne anasema mafuta ya asili yote yana kaboni shufwa, za kugawanyika kwa mbili, kwa hivyo 15 na 17, ambazo ni witiri, ni alama ya kutiwa kitu. Na hiyo trans tumesikia ni ya majarini. Nilipompigia simu mfugaji alicheka, akasema humo hamna kitu ila nyasi na tumbo la ng'ombe. Je, nimedanganywa? Na kama ni mambo ya tumbo, basi matumbo yetu sisi nayo yana vitu hivyo?

JIBU: Wa alaikum salaam, dada yangu. Mfugaji wako amejibu kwa maneno machache jambo ambalo mimi nitalihitajia kurasa. Karatasi uliyoletewa ni shahidi wako. Bahati mbaya imesomwa na mtu asiyejua anasoma nini.

Nianze na mpwa wako, kwa kuwa hakubuni. Asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni (C4, C12 au C15 kwenye karatasi yako ni idadi ya kaboni hizo), na viumbe karibu wote huuunga kaboni mbili mbili. Mtambo wa vimeng'enya, yaani protini zinazoendesha kemia ya mwili, unaofanya kazi hiyo huanza na kipande kiitwacho asetili chenye kaboni 2. Kila mzunguko huletewa kipande cha kaboni 3, moja ikatoka kama kaboni dioksidi, zikabaki 2 za kuongezea: 4, 6, 8, mpaka 16 au 18. Ndiyo maana mafuta ya nazi yamejaa 12 na 14, ya mawese 16 na 18, ya alizeti 18 tupu karibu yote. Ukitafuta 15 ndani ya tui la nazi utapata kidogo mno, hata si cha kuandikwa. Kitabu cha kijana kinazungumzia mimea na wanyama kwa jumla, na kwa hao kiko sawa.

Kilichomponyoka ni mpangaji aliyemo ndani ya ng'ombe.

Mwambie afikirie sala ya usiku. Huswaliwa rakaa mbili mbili, na mwisho mtu akafunga kwa witiri. Bakteria wa tumbo kuu la ng'ombe, lile liitwalo rumeni, wengi wao wamepindua utaratibu: witiri huitanguliza. Badala ya kuanza na kipande cha kaboni 2 huanza na cha 3, kiitwacho propionili, kisha wakaendelea mbili mbili kama wengine: 5, 7, 9, 11, 13, 15, 17. Mwendo ni uleule. Hatua ya kwanza ndiyo iliyoamua kwamba hesabu yote iishie witiri, na hakuna popote njiani ambapo mtu aliingia akachanganya kitu.

Hiyo propionili haikosekani. Nyasi zinapochachuka ndani ya rumeni, bakteria hutoa asidi tatu kwa wingi: ya siki, ya propioni na ya butiri. Ng'ombe huishi kwa hizo. Ile ya propioni hupelekwa ini na kugeuzwa sukari, maana sukari ya kutoka kwenye nyasi haimfikii mwenyewe, wapangaji huiwahi. Basi bakteria anayetaka kuanza mnyororo wake kwa kaboni 3 anaishi ndani ya ghala la kaboni 3.

Lakini si kila bakteria huikubali. Kwetu sisi binadamu mtambo wa mafuta ni protini moja kubwa yenye sehemu nyingi zilizoshikana. Kwa bakteria kila kazi ina kimeng'enya chake peke yake, na mlangoni kuna bawabu anayechagua nani aanze. Wanakemia humwita FabH. Bawabu wa bakteria wa kawaida wa utumbo, Escherichia coli, hataki vipande vyenye matawi. Akiona asetili humfungulia. Bawabu wa Bacillus subtilis, bakteria wa udongoni, huwapenda zaidi wenye matawi. Ukibadilisha bawabu, nyumba nzima ya mafuta hubadilika, hata kama mafundi wengine wote ni walewale. Mimi katika kemia yote ya mafuta hapa ndipo ninapopapenda: kimeng'enya kimoja mlangoni, na jedwali zima la maabara likageuka.

Nimetaja matawi, na kwako matawi ni muhimu kuliko hata hizo 15 na 17. Yale maneno "iso" na "anteiso" kwenye karatasi yako ndiyo hayo. Wewe ni mtu wa pwani, umeona boriti za mikoko zikishushwa kutoka jahazini. Boriti iliyonyooka hulala juu ya mwenzake bila pengo. Sasa chukua ile yenye panda kwenye ncha kabisa: hiyo ni iso. Ile yenye panda pingili moja kabla ya ncha ndiyo anteiso. Uzito huenda ni mmoja, idadi ya kaboni ni moja, lakini ukizipanga hazilali sawasawa.

Panda hizo zinatokana na protini. Bakteria huchukua asidi amino tatu, yaani valini, leusini na isoleusini, ambazo zenyewe tayari zina matawi. Kimeng'enya cha kwanza huondoa sehemu ya nitrojeni. Cha pili huchopoa kaboni moja kama hewa na kukifunga kilichobaki kwenye kibebeo kiitwacho koenzimu A, kikiwa tayari kupelekwa kwa bawabu. Leusini huacha kipande cha kaboni 5 chenye panda; ongeza mbili mbili utapata iso ya 15 na iso ya 17. Isoleusini huacha 5 pia, lakini panda imekaa mahali pengine, ndiyo anteiso ya 15 na ya 17. Valini huacha 4, ikatoa iso za 14 na 16. Unaona basi kwamba hata shufwa zipo ndani ya matawi, kwa hivyo yule anayehukumu kwa shufwa na witiri tu atawapita wengine bila kuwaona.

Na kwa nini wahangaike hivyo? Utando wa bakteria sharti uwe mlaini. Ukiganda, mlango wa chakula hauingizi na wa taka hautoi. Mfano unao jikoni: asubuhi za baridi za mwezi wa 7 mafuta ya nazi hapa Malindi huganda chupani, kwa sababu minyororo yake imenyooka na hulaliana. Sisi tukitaka mafuta laini tuna kimeng'enya kinachotia kipinda katikati ya mnyororo, lakini hicho hakifanyi kazi bila oksijeni, na ndani ya rumeni oksijeni karibu haipo. Bakteria wa huko wakaichukua njia ya matawi. Anteiso ya 15 huyeyuka katika joto lililo chini kwa zaidi ya nyuzi 20 kuliko 15 iliyonyooka. Panda moja ndogo, tofauti yote hiyo.

Kuna ujirani ndani yake pia. Baadhi ya bakteria wanaovunja selulosi ya nyasi hawawezi kukua mpaka wapewe hivyo vipande vyenye matawi na bakteria wengine wanaovunja protini. Marvin Bryant na wenzake huko Marekani waliligundua hilo miaka ya 1950, walipoona bakteria wao wanakataa kuota kwenye chupa mpaka watiwe majimaji ya rumeni. Ilikuwa kama jirani aliyebisha hodi kuomba chumvi. Asipopewa halali na njaa ya chumvi tu, chungu kizima humshinda kupika. Na hao wavunja selulosi wana iso nyingi. Ng'ombe anayekula nyasi za delta ya Tana hutarajiwa kuwa na iso nzuri kwenye maziwa, na yule wa kulishwa nafaka nyingi huwa na witiri zilizonyooka kwa wingi zaidi. Kwa hiyo karatasi yako inaonja hata malisho.

Kutoka rumeni mpaka debe lako safari si ndefu. Bakteria huteremka pamoja na chakula, wakafika tumbo la nne lenye asidi, wakafa na kumeng'enywa. Mafuta ya tando zao hufyonzwa kwenye utumbo mwembamba, yakaingia damuni, yakafika kiwele, yakatoka kwenye maziwa. Umesuka maziwa, ukapata siagi, ukaichemsha: maji yakaondoka na mafuta ya bakteria yakabaki.

Niseme kweli yote: ng'ombe mwenyewe naye ana mkono katika hizo witiri zilizonyooka. Kiwele chake kinaweza kuanza mnyororo kwa propionili kama bakteria, kwa vile damu yake ina propioni ya kutosha. Kwa hivyo C15 na C17 ni za ubia. Matawi ya iso na anteiso ndiyo hasa ya bakteria. Wala si kila tawi duniani ni la bakteria. Ule utando mweupe wa mafuta anaozaliwa nao mtoto mchanga umejaa mafuta ya matawi, na umetengenezwa na ngozi yake mwenyewe. Harufu ya beberu nayo ni asidi ya mafuta yenye tawi, kaboni 8 na tawi la kaboni 2 kwenye ya 4. Pua ya mtu huinusa hata ikiwa chembe. Na samaki mkizi, huyu anayeturukia ndani ya mashua, anajulikana kwa wanakemia kwa wingi wa witiri kwenye mafuta yake. Lakini sijamwona mtu aliyechanganya mkizi na samli akabaki na wateja.

Sasa tuisome karatasi kama inavyostahili.

Mafuta ya maziwa ya ng'ombe huwa na C15 karibu asilimia 1, C17 karibu nusu ya hiyo, na matawi yote pamoja karibu 2. Zako ni 1.1, 0.6 na 2. Tuseme mfugaji alitia mawese nusu kwa nusu. Mawese hayana matawi wala C4. C15 ingeshuka mpaka karibu 0.55, matawi yangebaki 1, na C4 yako ya 3.2 ingekuwa 1.6. Tuseme alitia mafuta ya nazi, sehemu moja katika kila tano. Nazi ina C12 karibu asilimia 47, hivyo C12 yako ya 2.9 ingeruka hadi karibu 12. Haikuruka. Kwa ufupi, mchanganyiko wa mafuta ya mimea huzipunguza witiri. Mwenye hoteli amemshika mlinzi akadhani ndiye mwizi.

Kuna ujanja mmoja ambao witiri hazikutetei, na sitakuficha. Mtu akiyeyusha shahamu ya ng'ombe akaitia kwenye samli, shahamu nayo imetoka kwa mnyama yuleyule mwenye rumeni ileile, kwa hivyo ina C17 na matawi yake. Hapo kinachosema ni C4, asidi ya butiri, ambayo hutengenezwa kwenye mafuta ya maziwa na shahamu haina. Wazee wa kemia walikuwa na kipimo chao kabla ya mashine hizi, namba ya Reichert na Meissl: huchukuliwa gramu 5 za mafuta, zikachemshwa, na asidi zinazopanda na mvuke zikapimwa. Siagi halisi hutoa 24 hadi 34, mafuta ya nazi 6 hadi 8, na mafuta mengi ya mimea chini ya 1. C4 yako ya 3.2 iko pale inapotakiwa kuwa. Mimi kwa namba hizi ningenunua.

Trans sasa, maana hii ndiyo huwatisha watu wa hoteli kuliko yote.

Ndani ya nyasi kuna mafuta yenye vipinda, na mafuta ya aina hiyo ni sumu kwa bakteria wengi wa rumeni. Wao hujiokoa kwa kuyanyoosha. Bakteria aitwaye Butyrivibrio fibrisolvens, ambaye watafiti Kepler na Tove walimchunguza miaka ya 1960, ana kimeng'enya cha isomerasi kinachosogeza kipinda kimoja kutoka mahali pake na kukigeuza kikawa trans, yaani kipinda kilichokaribia kunyooka. Kimeng'enya kingine huongeza haidrojeni na kuondoa kipinda kimoja, ikabaki asidi ya vakseni, yenye trans kwenye kaboni ya 11. Bakteria wengine huja kuimalizia hadi inyooke kabisa, lakini kazi haikamiliki yote, na ile iliyochelewa ndiyo inayofika kiweleni. Jina lake limetokana na neno la Kilatini la ng'ombe, vacca; ilitambuliwa kwenye siagi mwaka 1928. Majarini ya zamani yaliyogandishwa kiwandani kwa haidrojeni na nikeli hutoa trans zilizotapakaa, kwenye kaboni ya 9, ya 10 na nyinginezo. Maabara yenye mashine nzuri huzitenganisha. Asilimia 2.4 katika mafuta ya maziwa ni ya kawaida, na kama nyingi yake iko kwenye ya 11, imetoka kwa ng'ombe. Sisemi kwa hilo kwamba ni dawa. Shirika la Afya Duniani linaposhauri trans isizidi asilimia 1 ya nguvu ya chakula cha siku, linahesabu ya kiwandani na ya mifugo pamoja. Kwa mla samli kijiko kimoja juu ya wali, mimi ningeangalia kwanza jumla ya samli yenyewe.

Jambo moja la kupitia haraka: bakteria wengine, hasa wa maziwa mgando na wa saileji (majani ya mifugo yaliyofungiwa yakachachuka), huwa na kimeng'enya kinachobandika kaboni moja juu ya kipinda, ikawa pembetatu ndogo katikati ya mnyororo. Ng'ombe wa kulishwa saileji huiacha pembetatu hiyo kwenye maziwa, na Italia wanaitumia kuwagundua wanaotengeneza jibini ya Parmigiano Reggiano kwa maziwa yasiyoruhusiwa. Ng'ombe wa Garsen saileji haijui, kwa hiyo ukiona imetokea kwenye samli yako siku moja, hapo mpigie mfugaji simu.

Nije kwenye swali lako la mwisho, ambalo ningelitamani wanafunzi wangu wangeuliza. Ndiyo, na sisi tunazo.

Sisi hatuna rumeni, lakini utumbo mpana una bakteria kwa matrilioni, na miongoni mwa walio wengi sana ni jamii ya Bacteroides. Hawa nao hupenda matawi, iso na anteiso za 15 na 17. Ila wao wanakwenda mbali zaidi: wana aina ya mafuta ambayo bakteria wengi duniani hawana kabisa, sfingolipidi. Kwa binadamu hizi ziko kila chembe, na ubongo umejaa. Jina lilitolewa mwaka 1884 na Johann Thudichum, tabibu Mjerumani aliyefanya kazi London, alipozipata kwenye ubongo na hazikumwelea. Akaziita kwa Sfinksi, yule wa hadithi za Wagiriki aliyekuwa akitega vitendawili njiani. Mwaka 1969 zikapatikana kwa bakteria wa jamii hii asiyeishi penye oksijeni, na watu wakastaajabu zimefikaje huko.

Kimeng'enya kinachoanzisha kazi huitwa serini palmitoiltransferasi. Mpwa wako achukue kalamu. Kwa binadamu kimeng'enya hiki huunga asidi ya mafuta ya kaboni 16 na serini, ambayo ni asidi amino ya kaboni 3, na katika kuunga kaboni 1 hutoka kama hewa. 16 na 3 ni 19, toa 1, zikabaki 18. Hiyo ndiyo msingi wa sfingolipidi zetu nyingi. Kimeng'enya cha Bacteroides ni ndugu wa hicho. Nacho hutaka vitamini B6 ili kifanye kazi, nacho hupoteza kaboni 1, ila mara nyingi huchukua iso ya 15. Akishahesabu ataona 17, tena yenye panda nchani. Witiri imeingia tena, na safari hii imo ndani yetu. Watafiti wakipima ini au damu kwa mashine ya kupima uzito wa molekuli, 18 iliyonyooka huihesabu ya mwenye mwili, na 17 yenye panda hujua imetoka kwa mpangaji. Kwa alama hiyo imeonekana kwamba kwa panya mafuta ya Bacteroides hayabaki utumboni. Hupenya na kufika ini.

Yanafanya nini huko? Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichukua panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakawapa Bacteroides thetaiotaomicron. Kundi moja lilipata bakteria mzima, jingine bakteria yuleyule aliyeondolewa jeni ya kile kimeng'enya. Bakteria asiye na sfingolipidi aliishi utumboni vizuri, lakini utumbo wa panya ukavimba. Kwa watu wenye ugonjwa wa kuvimba utumbo, walipima wakakuta sfingolipidi za Bacteroides zimepungua na za mwili wenyewe zimezidi. Kupungua peke yake hakuthibitishi chanzo, lakini pamoja na panya wale kuna maana.

Kuna kisa kingine nacho nakipenda kwa sababu kinaanzia baharini. Miaka ya 1990 watafiti wa Kijapani walipata kwenye sifongo wa bahari ya Okinawa, Agelas mauritianus, mafuta ya jamii hii yaliyobebeshwa sukari ya galaktosi kwa namna ya ajabu. Yaliziamsha chembe fulani za kinga ya mwili kwa nguvu kubwa mno. Baadaye ikaonekana Bacteroides fragilis wa matumboni mwetu hutengeneza binamu yake, ila huyu ni mpole. Kwa panya wachanga sfingolipidi za bakteria huyu huzizuia chembe hizo zisijazane utumboni. Mwaka 2021 ikaonyeshwa kwamba tabia hiyo inategemea panda iliyo kwenye mnyororo, na kwamba asidi amino zenye matawi alizokula panya ndizo zinazoifanya panda hiyo. Yaani leusini ya chakula hugeuka panda kwenye mafuta ya bakteria, na panda ile ikasomwa na kinga ya mwenye tumbo. Ni njia ileile ya rumeni ya Garsen, ila wewe si ng'ombe, na wapangaji wako hawageuki chakula chako. Wakiwa hai bado wanakupelekea mafuta yao.

Mengi ya hayo yamethibitishwa kwa panya. Kwa hivyo ukiona mtu anauza vidonge vya sfingolipidi, au vya C15 kwa bei ya dhahabu, mwache apite. C15 na C17 kwenye damu ya mtu hutumiwa kweli na watafiti, lakini hasa kama kipimo cha nani anakunywa maziwa na nani anadanganya kwenye fomu.

Sasa madebe. Mwandikie mwenye hoteli kwa upole, umwambie C4 ni 3.2, C12 ni 2.9, na matawi yako 2, na hizo ni namba za samli ya ng'ombe. Akitaka kumaliza shaka, aiombe maabara ipime steroli: mafuta ya mimea huleta sitosteroli, samli ina kolesteroli. Kipimo hicho hakihitaji ubishi wa shufwa na witiri. Waulize pia trans iko kwenye kaboni ya ngapi, na waandike jibu. Gharama ailipe yeye, kwa vile shaka ni yake.

Na kuanzia mzigo ujao, kabla hujauza, toa kikombe kimoja kila debe, kijaze mpaka shingoni kisibaki na hewa, kizibe, andika tarehe na jina la mfugaji, ukiweke gizani. Madebe uliyorudishiwa yafunike na uyatoe juani. Kama mwenye hoteli bado hataki, nami niko Malindi wiki ya kwanza ya mwezi ujao. Niwekee kilo mbili.